Jino haliniumi tena, lakini dawa bado imo ndani. Nirudi au niache?

Swali: "Daktari, shikamoo. Mwezi wa pili nilianza matibabu ya mzizi kwenye gego la chini kulia, lile linalofuatana na la mwisho. Daktari alilitoboa, akasafisha, akaweka dawa nyeupe na kuziba kwa muda. Akasema nirudi baada ya wiki mbili tumalizie. Siku ya tatu maumivu yalikwisha. Baadaye ada za shule na mambo ya duka yakanizonga, na sasa ni mwezi wa saba. Jino haliumi hata kidogo. Mtandaoni nimesoma kwamba dawa hiyo ni chokaa na kwamba inaweza kukaa ndani hata mwaka mzima. Kaka yangu alitibiwa Nairobi, akamaliza siku moja bila kuwekewa dawa yoyote. Je, ni chokaa kweli? Lazima nirudi, au nililiwa hela kwa safari ya pili isiyo na maana?" Mfanyabiashara, Morogoro.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Rudi, tena mwezi huu huu, usisubiri jino ndilo likukumbushe. Hukuliwa hela. Na ndiyo, dawa ile ni chokaa. Ningeweza kuishia hapo, lakini najua nikikwambia "rudi" bila kukuonyesha sababu utasema utakwenda mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi nao una mambo yake.

Tuanze na chokaa. Jina lake la kitabuni ni haidroksaidi ya kalsiamu, yaani chokaa iliyozimwa kwa maji. Pwani yetu inaijua tangu zamani: matumbawe yanachomwa kwenye tanuri, yanamwagiwa maji, yanachemka na kufura, na unga laini unaobaki ndio uliojengea nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Watafunaji wa tambuu nao huipaka kwenye jani. Ya kwetu hospitalini ni kitu kilekile kikemia, ila imetengenezwa ikiwa safi, na imechanganywa na maji au kimiminika kizito kama propilini glaikoli ili iwe uji unaoweza kupita kwenye sindano. Nalisema hili kwa tahadhari, kwa sababu wapo wanaosikia neno chokaa wakakimbilia kikopo cha tambuu na kujipachika kwenye tundu la jino. Usithubutu. Chokaa inaunguza nyama ya mdomo, na kwenye tundu lililo wazi hakuna wa kuizuia isivuke mahali pake.

Aliyeanza kuitumia ndani ya mizizi ya meno ni daktari wa Kijerumani, B. W. Hermann, mwaka 1920. Wakati huo wenzake walitegemea dawa kali zenye harufu ya kukereketa koo: fenoli, fomalini, hata aseniki ya "kuua mshipa". Dawa hizo ziliua bakteria kweli, lakini hazikubagua; nyama hai iliyo nje ya ncha ya mzizi iliungua pamoja nao, na mfupa pia wakati mwingine. Chokaa nayo ni kali. Nguvu yake ya alikali, yaani kinyume cha tindikali, ni pH 12.5 hivi, na ukikumbuka kwamba maji matupu ni 7 na kila namba moja ni mara kumi ya iliyotangulia, utaona ukali ulivyo. Kinachoiokoa ni kwamba haipendi kuyeyuka. Lita nzima ya maji inayeyusha gramu moja na nusu tu hivi. Kwa hiyo ikigusa nyama inaunguza utando mwembamba juu juu na kuishia hapo, huku ile iliyobaki ndani ya mzizi ikiendelea kuachia ukali wake kidogo kidogo kwa siku nyingi. Dawa inayoyeyuka haraka ingekwisha nguvu kabla hujafika nyumbani.

Ukali huo ndio kazi yenyewe. Chembe za alikali zinazotoka kwenye chokaa zinapasua utando wa mafuta unaomzunguka bakteria, zinaharibu protini zake na vinasaba vyake. Zaidi ya hapo, zinavunja sumu ambayo baadhi ya bakteria huiacha nyuma hata wakishakufa, ile inayochochea mfupa kuliwa. Na masalia ya nyama iliyooza yaliyojificha kwenye vichochoro vya mzizi yanalainika, ili siku ya pili yaoshwe kwa urahisi.

Sasa, kwa nini alikwambia wiki mbili? Mwaka 1985 watafiti wa Umeå, Uswidi, Byström na wenzake, walionyesha kuwa chokaa iliyowekwa kwenye mifereji ya mizizi yenye maambukizi inasafisha vizuri kuliko zile dawa za fenoli. Mwaka 1991 Sjögren na wenzake, hukohuko, wakauliza swali ambalo kila mgonjwa huniuliza: lazima ikae muda gani? Wakalinganisha dakika 10 na siku 7. Dakika 10 hazikufua dafu. Siku 7 ziliwaua bakteria waliokuwa wamesalia baada ya kusafisha. Tangu hapo wiki moja ndiyo imekuwa kipimo cha chini, na wengi tunasema wiki mbili kwa sababu alikali ile inahitaji muda kupenya kwenye vitundu vidogo vya dentini, lile tabaka gumu lililo chini ya enameli, na kufika upande wa nje wa mzizi. Huko inafika taratibu, na dhaifu kuliko ilivyotoka.

Hapa ndipo kwenye kiini cha jibu langu, nawe unisikilize kwa makini. Wagonjwa wengi wanaamini kwamba dawa iliyowekwa ndani ndiyo iliyoponya jino. Si kweli. Kilichotibu zaidi ni ile saa uliyokaa na mdomo wazi, wakati daktari anaingiza faili, vile visindano vyembamba vya kukwangulia mfereji, moja baada ya nyingine na kuosha. Kioshea chetu kikuu ni haipokloraiti ya sodiamu, ndugu wa Jik unayoloweka nguo nyeupe, naye ndiye anayeyeyusha nyama iliyooza. Chokaa inakuja baada ya hapo kushughulika na waliobaki na kushika nafasi, ili mfereji usibaki mtupu. Ikiwekwa juu ya uchafu haifiki popote. Dentini yenyewe, pamoja na usaha na majimaji, inapunguza makali yake. Wapo pia viumbe wanaoistahimili. Bakteria aitwaye Enterococcus faecalis ana njia ya kusukuma tindikali ndani ya mwili wake kupambana na alikali, na anaweza kuishi mpaka pH ifike 11.5 hivi, fangasi wa jamii ya Candida nao ni wagumu. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walipima mifereji iliyokaa na chokaa kwa wiki nne wakakuta iliyokuwa na bakteria imeongezeka kidogo, haikupungua, ingawa idadi ya bakteria wenyewe ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na kabla ya matibabu. Kwa hiyo kila ukisikia dawa inasifiwa kuwa "inamaliza wadudu wote", punguza nusu.

Utaniuliza, kama ni dhaifu hivyo, mbona jino liliacha kuuma? Chokaa si dawa ya maumivu. Tafiti zilizoipima kwa kazi hiyo pekee hazikuona nafuu ya maana. Maumivu yako yaliondoka kwa sababu kiini cha jino, kile chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kilitolewa, na mgandamizo uliokuwa umefungiwa ndani ukapata pa kutokea. Jino lisilo na mishipa ya fahamu halina mdomo wa kulalamika. Mfupa unaweza kuliwa polepole kwenye ncha ya mzizi kwa miezi, hata miaka, wewe ukitafuna mishikaki upande huohuo. Ndiyo maana sisi hatuamini neno "haliumi". Tunaamini picha ya eksirei.

Na mkosaji ni bakteria, si jino kufa. Mwaka 1965 Kakehashi na wenzake wawili huko Marekani walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini wakayaacha wazi. Panya wa kawaida walipata usaha na majeraha kwenye mfupa. Panya waliolelewa bila hata bakteria mmoja mwilini walikula chakula kilekile, kikajaa kwenye matundu yaleyale, na viini vya meno yao vikaanza kujijengea kuta mpya. Nimewaonyesha wanafunzi matokeo hayo mara nyingi na bado yananishangaza. Maana yake kwako ni moja: jino lako litapona au litaharibika kutegemea kama bakteria wamezuiwa kuingia tena. Sasa tuangalie mlango.

Mlango wako ni kizibo cha muda. Mara nyingi ni udongo laini mweupe unaogandishwa na mate yenyewe. Kikiwa na unene wa milimita tatu na nusu au zaidi kinazuia vizuri kwa wiki chache. Hakikutengenezwa kwa miezi mitano ya ugali, makande na mahindi ya kuchoma. Kinalika, kinapasuka pembeni kwa ufa usioonekana kwa jicho, na mate yanaanza kupita. Mate yakiingia, mambo mawili yanakwenda pamoja. Bakteria wapya wanapata njia na chakula. Na chokaa yenyewe inageuka: ikikutana na hewa ya kaboni dioksidi inarudi kuwa kalsiamu kaboneti, lile jiwe la matumbawe ilikotoka, kama inavyogandamana ukutani mwa nyumba iliyopakwa chokaa. Kaboneti haina ukali wa kuua chochote. Kwa hiyo baada ya miezi mitano huenda kilichomo ndani ya jino lako bado ni cheupe vilevile lakini kimeshakuwa chaki.

Ulichosoma mtandaoni kuhusu mwaka mzima hakikutungwa tu, ila kilimhusu mtu mwingine. Mtoto wa miaka minane akianguka na jino la mbele likafa, mzizi wake unakuwa haujafunga nchani. Uko wazi kama bomba. Huwezi kujaza bomba lililo wazi, dawa itamwagikia upande wa pili. Kuanzia miaka ya 1960 tuliwawekea chokaa na kuibadilisha mara kwa mara, miezi sita, mwaka, wakati mwingine zaidi, mpaka mwili ujenge kizuizi kigumu pale nchani. Ilifanya kazi, ila kwa gharama. Mwaka 2002 Andreasen na wenzake walijaza chokaa kwenye meno machanga ya kondoo na kupima nguvu inayohitajika kuyavunja. Wakakadiria kwamba kwa mwaka mmoja uimara unapungua kwa nusu. Wakaonya kuhusu kuiacha muda mrefu. Watoto wengi waliotibiwa kwa njia hiyo walirudi na mzizi uliovunjika shingoni. Siku hizi kwa jino la namna hiyo tunaweka kizibo cha saruji maalumu ya meno iitwayo MTA pale nchani, kwa ziara moja au mbili, na kazi inaisha.

Jino lako ni la mtu mzima, mzizi wake umefunga na kuta zake ni nene, kwa hiyo usilale macho ukidhani linayeyuka. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uzima wa jino lenyewe kwa juu. Gego lililotobolewa katikati ni kuta nne zilizosimama bila paa, na nguvu ya kutafuna huko nyuma ni kubwa. Likipasuka juu ya fizi tunaweza kulijenga. Likipasuka kwenda chini kwenye mzizi, hapo ni kung'oa tu. Mpaka utakapomaliziwa, tafuna upande wa kushoto.

Tukija kwa kaka yako: yeye hakupunjwa, wala wewe hukuzidishiwa. Ikiwa kiini cha jino lake kilikuwa bado hai, kimevimba tu na kuuma, basi mifereji yake haikuwa na bakteria wengi. Hapo kusafisha na kujaza siku hiyohiyo ni sahihi kabisa, na hata mimi hufanya hivyo. Kwa jino lililokufa na kuoza, mabishano kati yetu madaktari ni ya miaka mingi. Watu wa Umeå walitupa hoja ya kuwa wavumilivu: mwaka 1997 walijaza meno 55 kwa ziara moja baada ya kuchukua sampuli kwenye mifereji, wakayafuatilia kwa miaka mitano. Yale ambayo sampuli haikuotesha bakteria yalipona kwa asilimia 94. Yale yaliyojazwa yakiwa bado na bakteria, asilimia 68. Lakini mapitio ya Cochrane, yanayokusanya majaribio mengi na kuyapima pamoja, hayakupata tofauti ya kuaminika ya uponyaji kati ya ziara moja na ziara mbili, isipokuwa waliomaliza siku moja walielekea kulalamika maumivu zaidi katika wiki ya kwanza.

Msimamo wangu ni huu. Mfereji ukikauka vizuri, hakuna usaha, hakuna uvimbe, na muda upo, namaliza siku hiyo. Mfereji ukiwa unatoa maji kila nikiukausha, au mgonjwa amekuja na shavu limevimba, naweka chokaa na kumrudisha. Na tuseme ukweli, kwenye hospitali zetu nyingi ziara ya pili inatokana na foleni pia: gego lenye mifereji mitatu au minne haliwezi kusafishwa ipasavyo kwenye muda wa nusu saa. Heri daktari anayekwambia "leo tumefika hapa" kuliko anayejaza kwa kukimbizana na saa.

Lipo jambo moja siwezi kulijua nikiwa hapa: kama dawa uliyowekewa ni chokaa kweli. Unasema ilikuwa nyeupe, na kwa maelezo yako yaelekea ndiyo. Lakini zipo sehemu ambako bado wanaweka pamba yenye fomalini, au marhamu ya kuua mshipa yenye paraformaldehidi ndani yake, na hizo si za kukaa hata wiki chache zikisahauliwa. Zikivuja zinaua fizi na mfupa wa jirani. Ukisikia harufu kali ya dawa mdomoni, au fizi ya pembeni ikawa nyeupe au kijivu na kuanza kukatika, usingoje miadi. Ipo pia ya njano, ni chokaa iliyochanganywa na iodofomu kwenye mafuta ya silikoni. Hiyo tunaipenda zaidi kwenye meno ya utotoni, ambako inaachwa moja kwa moja kwa sababu inayeyuka sambamba na mzizi wakati jino la ukubwani linapopanda. Mwenye mzio wa iodini aseme mapema.

Kwa kuwa jino lako ni la chini nyuma, nikuulize pia: je, baada ya siku ile ulipata ganzi isiyoisha kwenye mdomo wa chini au kidevuni? Ncha za mizizi ya gego hilo ziko karibu na mfereji wa mshipa mkubwa wa fahamu wa taya. Chokaa kidogo ikipita ncha kwa kawaida mwili unaifyonza na mtu hajui lolote. Ikisukumwa kwa nguvu hadi kwenye mshipa, inaunguza. Ndiyo maana ile ncha ya sindano inatakiwa iwe huru ndani ya mfereji, isibane, na dawa iminywe taratibu. Kama ganzi ipo mpaka leo, mwambie daktari kabla hajaanza. Kama haipo, umeshalipita hilo.

Siku utakayorudi utaona mambo yafuatayo, nakueleza usije ukashtuka. Atapiga picha kwanza. Usishangae akikuonyesha mizizi ambayo mifereji yake haionekani kabisa: chokaa safi na dentini huzuia mionzi kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo mfereji uliojaa dawa vizuri hufutika kwenye picha kana kwamba haukuwahi kuwapo. Baadhi ya viwanda huongeza bariamu salfeti ili dawa ionekane. Kwako mimi ningetazama zaidi kama mfereji umeanza kuonekana tena kama mstari mweusi kwa juu, maana hiyo ni dalili kuwa dawa imeondoka na kitu kingine kimechukua nafasi. Ningetazama pia kivuli cheusi kwenye ncha za mizizi, nikilinganisha na picha ya mwezi wa pili.

Kisha ganzi, kitambaa cha mpira kuzunguka jino ili mate yasiingie, na kizibo kinatolewa. Kuitoa chokaa ni kazi kuliko kuiweka. Maji ya kwanza yanarudi meupe kama tui, ya pili hafifu, halafu yanakuwa maangavu na unadhani umemaliza. Bado. Theluthi ya mwisho ya mfereji, kule chini, inashika mabaki ukutani kwa ukaidi, hasa kama dawa ilichanganywa na mafuta. Tunazungusha faili ileile ya mwisho iliyotumika mwanzo, tunaosha kwa EDTA inayoshika kalsiamu, na penye kifaa cha mtetemo tunatetemesha maji ndani. Yakibaki mabaki mengi, gundi ya kujazia haishiki ukuta vizuri, na baadhi ya gundi hazigandi inavyotakiwa zikikutana nayo.

Kwa miezi mitano uliyokaa, usitarajie kumaliziwa siku hiyo. Kama ningekuwa mimi, ningeosha upya kwa muda mrefu, ningeweka chokaa mpya, na ningekuita baada ya wiki moja au mbili. Safari hii ningeziba kwa glasi ayonoma au kompositi, vizibo vigumu zaidi, siyo udongo laini, kwa kuwa sasa nakufahamu tabia yako. Baada ya hapo mifereji inajazwa gatapacha, ule utomvu wa rangi ya waridi, na jino linajengwa. Gego linataka kofia, inayofunika kuta zote nne. Wengi hulipia mzizi wakaiacha kofia kwa sababu ya bei, wakarudi baada ya mwaka na jino limegawanyika mara mbili. Kama fedha haitoshi kwa vyote, mwambie daktari mapema apunguze vilele vya jino na kuvifunika kwa kompositi mpaka upate. Picha nyingine ipigwe baada ya mwaka. Mfupa unajijenga polepole, na penye kidonda kikubwa unaweza kuchukua hadi miaka minne kujaa.

Jino likianza kuuma katikati, ibuprofeni au paracetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti itakusaidia, ila ibuprofeni si ya mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au mjamzito. Usinunue amoksilini dukani kwa hisia zako. Antibayotiki inasafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Utaua bakteria wa tumboni na kuwaacha wa kwenye mzizi wakistarehe. Hali inabadilika shavu likivimba na homa ikapanda. Na ukivimba chini ya taya, ukashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, hiyo si ya kliniki ya meno ya kesho asubuhi. Nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Rudi kwa daktari yuleyule kama inawezekana, kwa sababu faili lake lina tarehe, jina la dawa, idadi ya mifereji na urefu wa kila mmoja kwa milimita. Daktari mpya bila hizo namba ataanza kupima upya. Kama umehama au hamkuelewana, omba nakala ya picha na maelezo. Ni haki yako, wala si ugomvi. Ukipiga simu kupanga miadi, waambie mapokezi wazi kuwa unakwenda kumalizia mzizi wa gego, siyo kuziba jino, maana anayeziba hupewa nafasi fupi na wewe unahitaji saa nzima au zaidi. Omba ya asubuhi, na ule kabla ya kutoka nyumbani.